Masizi ya Bunduki

Kila mahali palipo na moto pana masizi. Mama anayepika kwa kuni huyaona chini ya sufuria yake. Mtoto aliyesomea taa ya mafuta huyaona asubuhi katika chimni. Na mwenye mashine ya kusaga mahindi huyaona katika bomba la moshi la injini yake. Wote hao wanajua kwamba masizi si ugonjwa, bali ni alama ya kazi iliyokwisha fanyika. Wanajua tena kwamba yakiachwa siku nyingi, taa hufifia na injini hukosa nguvu. Walakini kipo chombo kimoja cha moto ambacho masizi yake hayaonekani na mpita njia, maana yamejificha ndani ya chuma. Chombo hicho ni bunduki.

Huko Lwakhakha, katika Kaunti ya Bungoma, jambo hili si la kusoma vitabuni tu. Lwakhakha ni mji mdogo wa mpakani chini ya Mlima Elgon, na mto wenye jina lilo hilo ndio unaoitenga Kenya na Uganda. Watu wa kando zote mbili za mto ni wakulima wa mahindi, kahawa na ndizi, na wengi wao wana undugu wa damu na wa ndoa. Mvua ya mlimani ni nyingi na ukungu wa alfajiri ni mzito. Jembe lililosahauliwa nje usiku mmoja huamka na madoa mekundu ya kutu.

Bunduki nazo zina historia ndefu katika sehemu hizo. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na jeshi lililoongozwa na Waingereza katika ngome za Lumboka na Chetambe. Mwaka 1979, Serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala la silaha la Moroto lilivunjwa, na bunduki nyingi za kivita zikatapakaa kaskazini mashariki ya Uganda na kuvuka mipaka. Tena baina ya miaka ya 2006 na 2008, ugomvi wa mashamba ya Chebyuk uliwaletea watu wa Mlima Elgon misiba mikubwa, mpaka jeshi likaingia mwezi wa Machi 2008 katika Operesheni Okoa Maisha. Mtoto aliyezaliwa huko kabla ya miaka hiyo hahitaji kuambiwa mlio wa bunduki ya AK ulivyo.

Alikuwako mzee mmoja, mkulima wa kahawa karibu na Lwakhakha, ambaye ujanani alitumikia jeshi la Kenya. Baba yake naye alikuwa askari wa King's African Rifles, akaenda Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, akashuka bonde la Kabaw katika masika mazito mpaka mto Chindwin. Mzee huyo alikuwa na mpwa, mtoto wa dada yake, aliyechaguliwa kuwa askari wa akiba wa polisi kijijini akakabidhiwa bunduki ya aina ya AK. Usiku mmoja wa mvua, wezi wa ng'ombe walipokaribia mto, kijana alipiga risasi chache hewani, na wezi wakakimbia. Kijijini akasifiwa. Alirudi nyumbani, akaitundika bunduki ukutani, akaenda kulala. Na kwa muda wa majuma mawili hakuifungua.

Siku moja mjomba wake alipomtembelea alimwuliza, "Je, mpwa wangu, bunduki yako umeisafisha tangu usiku ule?"

Kijana akacheka kwa heshima, akasema, "Mjomba, hii si kama ile yenu ya zamani. Hii haihitaji kusafishwa. Nasikia huko kwa wafugaji huifukia ardhini, na wakiifukua bado inalia."

"Italia," mzee akajibu. "Lakini hujui siku itakayokataa."

Kijana akaichukua bunduki ampe mzee aitazame. Mzee akarudisha mikono nyuma. "Hapana," akasema. "Bunduki ya Serikali hushikwa na yule aliyeitia sahihi. Mimi ni raia sasa. Wewe shika, mimi nitasema." Akawaondoa watoto uani, akakaa juu ya kigoda nyuma ya kijana, akamwamuru aelekeze mdomo wa mtutu kwenye lundo la udongo lisilo na mtu wala nyumba mbele yake.

Kijana akatoa magazini, akaiweka chini, akataka kuanza kufungua kifuniko. "Vuta bolti kwanza," mzee akasema. Bolti ilikuwa nzito; akaivuta kwa nguvu mara moja, ikanasa; akaivuta mara ya pili, na risasi nzima ikaruka kutoka katika chumba chake ikaanguka mavumbini. Kwa majuma mawili bunduki ile ilikuwa ukutani, juu ya kitanda cha watoto, na risasi ndani. Kijana akaitazama risasi ile asiseme neno. Mzee naye hakumkemea; akamwambia tu, "Tazama tena, kisha tia kidole uhakikishe." Ndipo kazi ya kusafisha ilipoanza.

Ili kufahamu mambo aliyoyakuta kijana yule, inafaa kueleza namna bunduki ya pistoni ifanyavyo kazi. Fataki ya risasi inapogongwa hutoa cheche, na cheche hiyo huwasha baruti. Baruti haiachi moshi tu, bali hugeuka kuwa gesi yenye joto kali, na nguvu ya gesi hiyo ndani ya chumba cha risasi hupita mara 3,000 ya nguvu ya hewa tunayovuta. Gesi huisukuma risasi katika mtutu, na katika AK risasi hutoka kwa mwendo wa mita 700 na zaidi kwa nukta moja. Kabla risasi haijatoka, hupita tundu dogo lililotobolewa juu ya mtutu. Hapo gesi kidogo huingia katika silinda na kuisukuma pistoni nyuma. Pistoni huisukuma bolti, bolti hulitoa ganda tupu na kulitupa nje. Kisha springi huirudisha bolti mbele ikiwa na risasi mpya. Haya yote hutimia kabla mtu hajafumba jicho na kulifumbua.

Basi gesi ile si safi. Imechukua makaa membamba ya baruti, na chembe za shaba na risasi zilizoyeyuka. Inapofika kwenye uso wa pistoni hupoa, na uchafu wake huganda hapo. Mara ya kwanza huwa kama unga mweusi unaofutika kwa kitambaa. Joto la risasi zinazofuata huuoka unga huo, ukawa ganda gumu kama ukoko wa wali uliounguzwa. Haba na haba hujaza kibaba: mlio mmoja hauleti dhara, wala kumi, lakini mamia ya milio bila kusafisha huweza kuibana pistoni na kuliziba tundu la gesi. Pistoni ikibanwa hurudi nyuma polepole, ganda tupu halitoki vizuri, na bunduki hukwama.

Waliotengeneza bunduki hizi walilijua jambo hili tangu zamani. Bunduki ya rashasha ya Bren, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1938 na kuchukuliwa Burma na askari wa Afrika Mashariki, ilikuwa na kidhibiti cha gesi chenye matundu manne, kila moja kubwa kuliko mwenzake. Bunduki ikianza kulegea kwa sababu ya masizi, askari aligeuza kidhibiti kwenye tundu kubwa zaidi ili gesi nyingi isukume kwa nguvu, akaendelea na vita. Lakini kugeuza tundu hakukuwa kusafisha. Kulikuwa mkopo tu, uliopasa kulipwa vita vitakapotulia. Baba yake mzee yule alizoea kuwaambia watoto wake hivi: tundu la nne likifika hakuna la tano.

Bunduki ya SLR, iliyotokana na ile ya FAL ya Ubelgiji, ilitumiwa na jeshi la Kenya baada ya Uhuru, na ndiyo aliyoibeba mzee mwenyewe. Nayo ilikuwa na kidhibiti chake. Askari alikigeuza hatua kwa hatua mpaka bunduki ilipotupa maganda vizuri, kisha akaongeza hatua mbili kuwa akiba. Hatua hizo mbili ziliwekwa kwa ajili ya masizi na vumbi litakalokuja. Kwa hiyo askari wa SLR alilazimika kuijua bunduki yake, maana isiporekebishwa ingemwaibisha uwanjani.

Bunduki ya AK, iliyokubaliwa na jeshi la Urusi mwaka 1949, ilichukua njia nyingine. Haina kidhibiti cha kugeuza. Hupewa gesi nyingi kupita mahitaji yake, pistoni yake ni nzito na imeunganishwa na chuma kinachobeba bolti, na vipande vyake vimeachiana nafasi ili vumbi na masizi vipate mahali pa kukaa bila kuzuia mwendo. Ndiyo sababu hustahimili uchafu kuliko nyingi za namna yake, na ndipo yalipozaliwa maneno ya kwamba haihitaji kusafishwa. Lakini kustahimili si kupona. Punda anayestahimili mzigo bila kupiga kelele naye hufika siku akaanguka njiani. Tofauti ni kwamba mwenye mnyama mwepesi wa kulalamika humtunza mapema, na mwenye mnyama mvumilivu hujifunza uvivu.

Kosa hili halikufanyika vijijini tu. Marekani, nchi yenye viwanda na wataalamu wengi, ilipeleka bunduki mpya ya M16 katika vita vya Vietnam katika miaka ya 1960. Mtambo wake ni tofauti, kwa kuwa gesi yake hupitishwa moja kwa moja mpaka kwenye bolti; lakini ilivumishwa kuwa haina haja ya kusafishwa sana. Askari wengi walipewa bunduki bila vifaa vya kusafishia. Aina ya baruti nayo ilibadilishwa, na chumba cha risasi hakikuwa kimepakwa kromu ya kuzuia kutu. Katika unyevu wa nchi ile bunduki zilikwama wakati wa mapigano, na vijana waliuawa wakijaribu kutoa maganda yaliyonasa. Mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ilichunguza jambo hilo. Baadaye baruti ikarekebishwa, kromu ikatiwa, na vifaa vya kusafishia vikagawanywa pamoja na mafundisho.

Turudi Lwakhakha. Kijana alipofungua kifuniko na kutoa bolti pamoja na pistoni yake, alitazamia kuona weusi, na weusi aliuona. Kilichomshangaza ni wekundu. Juu ya uso wa bolti palikuwa na kutu, na alipopitisha kitambaa katika mtutu kikatoka na rangi ya udongo. "Mjomba," akasema, "haya si masizi."

Mzee akamweleza kwamba masizi peke yake ni adui wa polepole. Adui wa haraka ni chumvi. Risasi nyingi za zamani, hasa zilizotengenezwa katika nchi za Urusi na rafiki zake, zilitiwa fataki zenye dawa ya kloreti ya potasiamu. Fataki hiyo ikiungua huacha chumvi iliyo karibu sawa na chumvi ya mezani. Chumvi hukaa katika mtutu, katika silinda na juu ya pistoni, nayo hunyonya maji kutoka katika hewa. Masizi huishikilia kama sifongo. Mahali pakavu huenda mwenye bunduki asione dhara kwa siku nyingi. Lakini mahali penye ukungu kama chini ya Elgon, usiku mmoja unatosha kuanzisha kutu. Kutu ikishachimba chumba cha risasi, ganda hunasa, wala hakuna mafuta yatakayokirudisha chuma kilicholiwa.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, maana hukimbilia mafuta. Mafuta hayayeyushi chumvi, huifunika tu. Kinachoyeyusha chumvi ni maji, na hasa maji ya moto. Askari wa zamani waliotumia bunduki za Lee-Enfield walifundishwa kumimina maji yanayochemka katika mtutu baada ya kupiga, kisha kuukausha na kuupaka mafuta. Mtu asiyejua sababu angedhani kwamba maji ndiyo yataleta kutu. La, maji ya moto huondoka na chumvi, na joto lake huukausha upesi mtutu uliobaki.

Basi kijana akafanya kazi hiyo kwa mpango, mzee akimtajia hatua. Alisugua mtutu kwa brashi, akianzia upande wa chumba cha risasi ili asiharibu mdomo wake, maana mdomo ukiharibika risasi haiendi inakotumwa. Akamimina maji ya moto katika mtutu na katika silinda ya gesi, akamwagia pistoni na bolti. Akakausha kila kipande kwa kitambaa, akatumia vitambaa kimoja baada ya kingine mpaka kikatoka cheupe. Akafuta uso wa pistoni. Alipoona ganda jembamba jeusi lisilotoka akaomba msasa.

"Acha," mzee akasema. "Linalotoka kwa kitambaa na brashi litoke. Doa lililobaki halizuii kitu. Ukikwangua kwa msasa utaondoa kromu, na kromu haioti tena."

Mwishowe kijana akachukua chupa ya mafuta, akataka kuijaza silinda. Mzee akamzuia tena. Mahali panapopita gesi pabaki pakavu kama bunduki ni ya kutumiwa, kwa sababu mafuta yakipata moto huungua na kuzidisha masizi yale yale yaliyoondolewa. Mafuta kidogo hupakwa mahali chuma kinaposuguana na chuma: juu ya reli za bolti na katika mtambo wa kufyatulia. Mtutu hupakwa mafuta membamba ya kuzuia kutu, na hufutwa kabla ya kupiga. Bunduki inayowekwa ghalani muda mrefu ndiyo inayoweza kupakwa kila mahali, lakini sharti ikaushwe kabla haijatumika.

Kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Baadaye mzee akamwuliza kijana, "Usiku ule ulipiga risasi ngapi?" Kijana akafikiri, akasema tatu, kisha akasema labda nne. Mzee akamtazama. "Ulipewa ngapi, na zimebaki ngapi?" Wakahesabu, pamoja na ile iliyookotwa mavumbini, wakakuta ni tano zilizotumika. Mzee akamtuma alete daftari la shule, akamwamuru aandike tarehe, mahali, idadi ya risasi, na siku ya kusafisha. Kijana akaandika.

Jambo hili la daftari lafaa kuzingatiwa kuliko mambo yote ya brashi na mafuta. Karani anajua kwamba fedha isiyoandikwa huwa haina mwenyewe. Vivyo hivyo risasi isiyohesabiwa. Mtu anayeifungua bunduki yake kila baada ya kuitumia hulazimika kuona mambo mawili: kwamba chumba cha risasi ki tupu au kimejaa, na kwamba imepigwa au haikupigwa. Masizi ni shahidi. Ofisa anayekagua silaha hupitisha kitambaa katika mtutu, na kitambaa kikitoka cheusi huuliza risasi imekwenda wapi na kwa amri ya nani. Pale ambapo hakuna anayeuliza swali hilo, bunduki huazimwa gizani na kurudishwa ukutani, na mtu wa jirani huuawa asijulikane aliyempiga. Watu wa Elgon wameyaona hayo kwa macho yao.

Kwa hiyo usafi wa bunduki si mapambo, wala si kuipenda silaha. Ni sehemu ya kutoa hesabu. Raia wa Kenya hana ruhusa ya kumiliki bunduki ya kivita kama AK, na aliye nayo bila idhini hapaswi kuitunza bali kuisalimisha. Tarehe 15 Novemba 2016 Serikali iliteketeza kwa moto bunduki 5,250 huko Ngong, nyingi zikiwa zimesalimishwa au kutwaliwa. Hakuna shaka kwamba ziko nyingine ambazo bado zimefichwa katika mapaa na mashimo. Lakini yule aliyekabidhiwa silaha kwa sahihi yake ili awalinde wenzake ana wajibu wa namna nyingine: bunduki yake iwe tayari siku ya haja, iwe tupu ndani ya nyumba, na hesabu yake iwe wazi kwa aliyempa.

Kijana wa Lwakhakha aliihamisha bunduki yake kutoka ukutani, akaifungia katika sanduku lenye kufuli. Kila alipotoka doria ya usiku, hata kama hakupiga, aliitoa magazini, akavuta bolti mara mbili, akatazama na kutia kidole, kisha akafuta unyevu. Daftari lile likajaa mistari, na mingi kati yake ilikuwa na neno moja tu mahali pa idadi ya risasi: hakuna.